Hellcat ama Subaru? Jinsi ya kulinganisha kabla hujatoa pesa

Kwanza wacha kuangalia hosipawa (nguvu ya injini) peke yake, chukua hizo farasi ugawe kwa uzito wa gari. Dodge Challenger Hellcat ya 2015, gari la Mmarekani, ina 707 na uzito kama tani mbili, so unapata kama 350 kwa kila tani, Subaru WRX STI ina kama 300 kwa tani moja na nusu, yaani 200. Kwa karatasi Mmarekani ameshinda mapema kabisa.

Sasa subiri mvua ya Kampala inyeshe. Hellcat inasukuma na tairi za nyuma tu, ukikanyaga mafuta kwa lami yenye maji tairi zinazunguka bure na mkia unaanza kutembea, lakini STI inagawa nguvu kwa tairi zote nne so inashika barabara na kuondoka, na ndo maana kwa mbio za magari (rally) za barabara za murram utaona Subaru kibao, sijawahi kuona mtu mwenye akili akipeleka Hellcat huko haha.

Halafu angalia usukani. Sisi Uganda tunaendesha kushoto, Challenger ilitengenezwa na usukani wa kushoto tu, so huoni mbele vizuri, kuovateki lori Jinja Road ni kubahatisha. Ford Mustang, Mmarekani mwingine, angalau kuanzia ile shepu ya 2015 ipo ya usukani wa kulia.

Spea? Za Subaru zunguka soko la Kisekka. Za Hellcat, agiza nje na ungoje.

Mimi STI, ila sauti ya injini ya V8 ya Hellcat jamani...