Kurekodi skrini ya kompyuta kwa ajili ya somo
Kwa mwalimu wa Mtwara au Lindi, programu ya OBS Studio inatosha: ni ya bure, na ukishaipakua inarekodi bila intaneti. Kwanza kabisa fungua Settings, kisha Output, uchague MKV, aina ya faili ya video. Umeme ukikatika katikati ya somo, faili ya MP4 ya kawaida huweza kupotea yote, maana taarifa za kuifungua huandikwa mwisho kabisa. MKV huhifadhi ulichokwisha kurekodi. Ukimaliza, igeuze kuwa MP4 kwa amri ya Remux Recordings, ndani ya menyu ya File.

Picha iwe pikseli 1280 kwa 720, fremu 20 kwa sekunde. Slaidi hazihitaji zaidi. Ukiweka bitrate (kiasi cha data ya video kwa sekunde) kuwa kbps 500, dakika moja pamoja na sauti hula kama MB 5, na mzazi wa Newala au Nachingwea hatalalamikia bando. Maandishi yawe makubwa, pointi 28 kwenda juu, kwani wengi hutazama kwa simu.

Kinachoangusha video nyingi ni sauti. Zima feni, na kama darasa ni la bati, mvua ikianza acha kwanza. Maikrofoni ikae kando ya mdomo, siyo mbele, pumzi isiipulize. Rekodi sekunde 20, sikiliza, ndipo uanze somo.