Jinsi ya Kuutazama Mgawanyiko wa Seli katika Mzizi wa Kitunguu

Mwanafunzi anayekariri hatua za mitosisi, yaani mgawanyiko wa kiini cha seli, kutoka kwenye mchoro huziona kama vyumba vinne vilivyotengwa kwa kuta, ilhali seli hai hupita humo bila kusimama. Dawa yake ni kuutazama mzizi wa kitunguu maji, ambao seli zake zina kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) 16 tu, tena kubwa za kutosha kuonekana kwa hadubini ya shule.

Kata mizizi mikavu ya kitunguu, kisha ukikalishe juu ya bilauri ya maji, kitako kikiyagusa maji kidogo. Baada ya siku chache mizizi mipya itafikia sentimita 1 au 2. Ikate na, ukiwa umevaa miwani ya kinga na glovu, uitumbukize kwa dakika 5 katika asidi ya hidrokloriki ya mola 1 iliyopashwa hadi nyuzi 60 za Selsiasi, halafu uisuuze kwa maji. Asidi hiyo hulegeza kile kinachozigandamanisha seli.

Weka mzizi mmoja kwenye slaidi na ubakize milimita 2 za mwisho tu. Hapa ndipo wengi hukosea: seli zinazogawanyika zimo nyuma kidogo tu ya kofia ya mzizi, na anayechukua kipande cha juu zaidi ataona seli ndefu zilizokwisha kuacha kugawanyika. Dondoshea asetokamini, rangi inayozikoleza kromosomu, chambua ncha kwa sindano, subiri dakika chache, funika kwa kioo chembamba, kisha kandamiza wima kwa kidole gumba juu ya karatasi ya kukaushia, bila kusokota, mpaka ncha itandazike kama doa jepesi.

Anza na lenzi ndogo, tafuta seli za pembe nne zilizosongamana, ndipo uhamie kwenye lenzi ya mara 40. Seli nyingi zitakuwa na kiini cha duara chenye chembechembe. Hizo zimo katika interfezi, ambamo DNA hunakiliwa. Kiini kinachofanana na uzi uliovurugika ni cha profezi, na ni kwa sababu ya nyuzi hizo Mjerumani Walther Flemming, mwaka 1882, aliliunda jina mitosisi kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Katika metafezi kromosomu, kila moja ikiwa na kromatidi mbili, yaani nakala mbili zilizoungana, zimejipanga katikati ya seli. Katika anafezi kromatidi hizo zimeachana na zinavutwa kuelekea pande mbili, sentromia (sehemu zilipokuwa zimeungana) zikitangulia na mikono ikiburutwa nyuma kwa umbo la herufi V. Itazame hii kwa muda mrefu, kwani ndipo unapoona jinsi kila seli mpya inavyopata kromosomu 16 kamili. Telofezi ni viini viwili vidogo ndani ya seli moja, na mstari mwembamba kati yake ndio utakaokuwa ukuta mpya.

Hesabu seli, tuseme 200, na uandike ngapi zimo katika kila hatua. Kadiri hatua inavyochukua muda mrefu, ndivyo seli nyingi zaidi hukutwa humo. Anafezi hupita upesi, kwa hiyo usipoipata katika slaidi ya kwanza, tengeneza ya pili kwa mzizi mwingine wa kitunguu hichohicho.