OptiPlex 7010 iliyotumika: anza na SSD, RAM itafuata

Dell wameitumia namba 7010 mara mbili kwenye kompyuta zao za mezani za OptiPlex, mwaka 2012 na tena 2023, kwa hiyo kabla ya kutoa hela hakikisha unayo ipi. Ya 2012, ambayo ndiyo imejaa kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, ina prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu (mfano i5-3470) na inatumia RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi) ya aina ya DDR3. Maelezo haya ni ya hiyo.

Ikiwa inakwenda kwa kusuasua, fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc utazame matumizi ya diski na ya kumbukumbu. Diski ikiganda kwenye 100% huku kumbukumbu ikiwa nusu tu, kuongeza RAM ni kutupa pesa. Diski ya kuzunguka husoma MB 100 hadi 150 kwa sekunde ikipewa faili moja kubwa. Ikianza kuruka kati ya vifaili vidogo, kama inavyofanya Windows inapowaka, huanguka hadi MB moja au mbili. SSD, yaani diski isiyo na kinachozunguka, ya SATA (mlango wa kawaida wa kuchomekea diski) hufika MB 500. GB 240 zinatosha kwa Windows na programu. Ile ya zamani ibaki ya picha na video.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha. SSD ichomeke SATA0, ambao ni mlango wa gigabiti (Gb) 6 kwa sekunde. Kuna milango mingine ya Gb 3 ambayo itaikata kasi nusu. Ukikosa kishikio cha kuipachika usihangaike sana, maana ndani yake hakuna kinachozunguka. Ilaze tu mahali isipogusa feni.

Kwenye RAM ndiko watu wengi wanakoliwa. Soma lebo: PC3-12800U ndiyo yako. Ikiishia na R, kama PC3L-12800R, ni ya seva. Huuzwa bei rahisi na inaingia kwenye nafasi bila shida, lakini mashine haitawaka nayo. DDR4 haiingii kabisa, kwani mkato wake uko mahali pengine, usilazimishe. Vipande viwili vya GB 4 vinavyofanana ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa huvisoma kwa pamoja.

Umeweka RAM na sasa feni inazunguka lakini hakuna picha? Mara nyingi kipande hakijakaa sawasawa. Kitoe, futa meno yake kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa unga, kirudishe ukikandamiza ncha zote mbili hadi vishikio vilie. Bado? Jaribu kipande kimoja kimoja. Ikiwaka lakini inazimika ovyo, bonyeza F12 wakati wa kuwasha, chagua Diagnostics, na uiache imalize kupima kumbukumbu.

Tatizo lingine ni saa kurudi nyuma kila umeme ukikatika, na tovuti zinaanza kudai kwamba muunganisho si salama. Hiyo ni betri ndogo ya saa, CR2032, imekwisha. Kuibadilisha ni rahisi, ila mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) hurudi ya kiwandani. Humo kuna SATA Operation, inayoamua mashine inavyozungumza na diski: AHCI au RAID On. Windows iliyowekwa kwa AHCI ikikuta imerudi RAID On, itakupa skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski haijafa, na huna haja ya kuweka Windows upya: ingia BIOS kwa F2 wakati wa kuwasha, rudisha AHCI, hifadhi.

Kuhusu Windows 11, prosesa hii haimo kwenye orodha ya Microsoft ya zinazokubalika, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine ya kuvinjari intaneti na kuandika, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, juu ya SSD na RAM ya GB 8 inakwenda vizuri.