Namna ya Kuandaa Tamasha Dogo la Muziki Mpya wa Klasiki

Mpiga fidla, chelo au klarineti anayeishi Dar es Salaam, Nairobi au Unguja huitwa zaidi kwenye harusi, ibada na hafla za ofisi, na huko huombwa nyimbo ambazo wageni wanazijua tayari. Akitaka kupiga muziki uliotungwa katika zama zake, mara nyingi hana budi kuliandaa tamasha mwenyewe: kuchagua kazi, kutafuta ukumbi, kukusanya wenzake na kuwaita wasikilizaji. Nimezifanya kazi hizi mbili pamoja kwa miaka mingi, upigaji wa chelo na uandaaji, na jambo moja nimelishika kuliko yote, kwamba mwandaaji anapanga safari ya sikio la msikilizaji, na kila uamuzi wake, kuanzia nota hadi feni ya ukumbini, upimwe kwa kipimo hicho. Maelezo haya yanahusu tamasha la saa moja, lenye wapigaji wanne au watano, katika ukumbi wa watu wasiozidi mia moja.

Anza na watu ulio nao

Mwandaaji mgeni huanza kwa kuandika orodha ya kazi anazozipenda, kisha huhangaika kutafuta wapigaji wa kuzipiga. Ni bora kuanza upande wa pili. Olivier Messiaen, mtunzi Mfaransa, alipokuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Stalag VIII-A huko Görlitz, Ujerumani, alikuwa na mpiga fidla mmoja, mpiga klarineti mmoja, mpiga chelo mmoja, na yeye mwenyewe kwenye piano, na kutokana na watu hao akatunga kazi ya sehemu nane iliyopigwa kwa mara ya kwanza kambini humo tarehe 15 Januari 1941. Mkusanyiko huo wa ala haukuwa wa kawaida, lakini leo watunzi wengi wameuandikia kwa sababu yake.

Kazi hiyo, inayoitwa *Quatuor pour la fin du temps*, ina faida nyingine kwa mwandaaji mwenye wapigaji wachache, kwa kuwa sehemu zake hazihitaji wote kila wakati: ya tatu ni ya klarineti peke yake, ya tano ni ya chelo na piano, na ya nane ni ya fidla na piano. Nzima huchukua karibu dakika hamsini na inahitaji wapigaji waliozoeana kwa muda mrefu, kwa hiyo katika tamasha la kwanza siishauri yote. Chukua sehemu moja au mbili, na useme wazi kwenye karatasi ya programu kwamba ni sehemu tu.

Mpangilio wa kazi

Hapa ndipo ulipo moyo wa uandaaji. Katika tamasha langu la pili niliweka kazi tatu ngumu mfululizo kwa sababu nilizipenda zote kwa kiasi kile kile, na baada ya mapumziko nusu ya viti vilikuwa vitupu. Kwa muda niliamini kwamba watu wetu hawautaki muziki huu. Niliposikiliza rekodi ya usiku ule nikaelewa kwamba kazi ya pili haikuwa imeandaliwa na ya kwanza, na ya tatu ilimkuta msikilizaji amekwisha kuchoka. Tangu hapo, kabla ya kukubali kazi yoyote, hujiuliza itampa msikilizaji nini cha kushika atakapofika kwenye kazi inayofuata.

Chukua mfano huu. Tamasha lifunguliwe na *Clapping Music* ya mtunzi Mmarekani Steve Reich, ya mwaka 1972, inayohitaji watu wawili na mikono yao tu. Wote wawili huanza na mkong'osio mmoja, yaani mfuatano unaorudiwa, wa mapigo kumi na mawili, manane ya makofi na manne ya kimya, kisha mmoja anabaki palepale huku mwenzake akisogea pigo moja mbele kila baada ya marudio kadhaa, mpaka wanakutana tena pale walipoanzia. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, na msikilizaji aliyekulia kwenye ngoma huzishika njia zake bila kufundishwa. Kazi huchukua kama dakika tano, na ikiisha ukumbi wote umekwisha kujifunza kusikiliza jambo linalobadilika kidogo kidogo.

Baada yake inafaa sauti moja tupu: sehemu ya tatu ya Messiaen, klarineti peke yake, ambamo nota moja huzaliwa kutoka kwenye ukimya, ikakua polepole hadi ikajaza chumba. Kisha kazi mpya uliyoagiza. Kisha *Spiegel im Spiegel* ya Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia, ya mwaka 1978, kwa fidla na piano, ambayo kwa mpigaji si nyepesi kama inavyoonekana, maana kila nota ndefu humfichua, lakini kwa msikilizaji ni mahali pa kupumzisha sikio. Kisha, na hili nalisisitiza, ile kazi mpya ipigwe mara ya pili. Mwishowe ije sehemu ya sita ya Messiaen, ambamo ala zote nne hupiga mkondo mmoja wa wimbo kwa pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mapigo yasiyolingana. Tumeanza na watu wawili walioachana kutoka kwenye mkong'osio mmoja, tunamaliza na wanne walioshikamana kwenye wimbo ambao hauna pigo la kuegemea. Msikilizaji hahitaji kuelezwa uhusiano huo ili uufanyie kazi mwili wake.

Kurudia kazi mpya usiku uleule si wazo langu. Mtunzi Arnold Schoenberg alianzisha jijini Vienna mwaka 1918 jumuiya ya matamasha ya faragha ambamo kazi mpya zilifanyiwa mazoezi mengi na kupigwa tena na tena, programu haikutangazwa mapema, na makofi yalikatazwa. Katazo la makofi sikulifuata, maana kwetu mtu aliyeguswa akinyimwa nafasi ya kuonyesha huona amefukuzwa. Lakini kurudia nimekufuata kila mara, na wasikilizaji wamekuwa wakiniambia kwamba ile mara ya pili ndiyo iliyowafungua.

Kuagiza kazi mpya

Usimwambie mtunzi "tutungie kitu". Mpe ala, urefu, tarehe ya tamasha, na majina ya kazi zitakazokuwa kabla na baada ya yake, ili ajue jirani zake. Mkubaliane kwa maandishi: malipo ni kiasi gani, nusu inalipwa lini na nusu nyingine lini, nota zinafika lini, na nani ana haki ya kuipiga kwanza. Mimi hutaka nota kamili wiki nane kabla ya tamasha, na malipo ya nusu ya kwanza hutoka siku ya kutia saini, hata kama hilo lina maana ya kuchelewesha mabango.

Ikiwa uko pwani, nakushauri ufikirie kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, pamoja na chelo. Unguja imekuwa na vikundi vya taarab tangu Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, na wapo wapigaji wa kanuni wanaoweza kusoma nota na walio tayari kwa jambo jipya. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichopo Mji Mkongwe, DCMA, kimekuwa kikifundisha ala hizi tangu mwaka 2002. Ila piano iachwe nje ya kazi hiyo. Sauti za piano zimepangwa kwa hatua zilizo sawa, ilhali maqamu, yaani mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama rasti na bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya hatua hizo, na piano itazifanya zisikike kama makosa. Chelo haina vizuizi kwenye shingo yake, kwa hiyo inaweza kuifuata kanuni popote inapokwenda. Mtunzi na akae na mpiga kanuni angalau alasiri moja kabla hajaandika nota ya kwanza, amwombe apige polepole, auone mkono unavyofika na usikofika.

Hakimiliki na nota

Jambo hili ni fupi lakini halikwepeki. Kwa sheria za Kenya na za Tanzania Bara, kazi ya muziki hulindwa katika maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi Béla Bartók, aliyefariki mwaka 1945, yuko nje ya ulinzi huo. Messiaen, aliyefariki mwaka 1992, bado yumo, na kazi za Reich na Pärt nazo zimelindwa. Nunua nota halali, na uombe kibali cha kupiga hadharani kabla ya kuchapisha tangazo. Zanzibar ina sheria na ofisi yake, COSOZA, kwa hiyo kibali cha upande mmoja wa maji usikichukulie kuwa kinatosha upande wa pili. Kazi za ala nyingi mara nyingi haziuzwi, hukodishwa na mchapishaji, na nota husafirishwa kutoka Ulaya au Marekani. Zianze kuombwa miezi mitatu kabla.

Ukumbi, siku na saa

Nenda ukumbini saa ileile ambayo tamasha litafanyika, ukae kimya dakika kumi, na uandike kila unachosikia: feni, jokofu la soda, jenereta ya jirani, bodaboda, paa la mabati. *Spiegel im Spiegel* haiwezi kushindana na jokofu. Msimu wa masika usichukue ukumbi wa mabati usio na dari, kwani mvua moja itamaliza kila kitu ulichokiandaa kwa miezi sita. Kanisa lenye kuta za mawe huifaa klarineti na chelo, lakini makofi ya Reich humo huchanganyikana na mwangwi wake hadi mkong'osio ukapotea. Wasimame karibu na wasikilizaji, wapige kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, sauti itoke fupi.

Kuhusu siku, Jumamosi ni ya harusi, na wapigaji wako wana riziki ya kutafuta. Jumatano au Alhamisi hufaa zaidi, ila uliza kwanza mazoezi ya kwaya yako siku gani. Saa nayo ipangwe kwa kuheshimu sala: pwani, tamasha likianza saa mbili na nusu usiku, magharibi na isha zimekwisha, wasikilizaji Waislamu hawalazimiki kuchagua, na adhana haikatizwi na muziki wala muziki kukatizwa na adhana. Mwezi wa Ramadhani uache upite.

Piano isawazishwe baada ya kuhamishwa, wala si kabla, na hali ya hewa ya chumba iwe ileile itakayokuwepo usiku. Katika ukumbi mmoja, fundi alimaliza kazi yake asubuhi kiyoyozi kikiwa kimewashwa, wahudumu wakakizima mchana kutwa ili kuokoa umeme, na jioni sauti za juu za piano zilikuwa zimekwisha kuhama. Siku hizi naandika katika mkataba wa ukumbi saa ambazo kiyoyozi hakitazimwa.

Mazoezi

Panga mazoezi kabla ya kupanga bajeti ya mabango. Kwa kazi mpya ya dakika nane naweka vikao vitano vya saa mbili, kimoja kati yake mtunzi akiwepo na mpigaji akiwa huru kusema "hapa mkono haufiki". Kwa *Clapping Music* mtu mwenye kazi ngumu ni yule asiyesogea, kwa sababu sikio lake linavutwa na mwenzake. Afanye mazoezi peke yake akiwa na rekodi ya mwenzake, mpaka aweze kushika mkong'osio wake bila kuhesabu. Sehemu ya sita ya Messiaen ianze polepole sana, wote wakitamka mapigo mafupi kwa mdomo bila ala, kwani mapigo yaliyoongezwa nusu huwa yanarukwa na mwenye haraka.

Nawe mwandaaji ukiwa pia mpigaji, mpe mtu mwingine mlango, tiketi na simu yako kuanzia saa kumi jioni ya siku ya tamasha. Sijaona mtu aliyepiga vizuri huku akipokea simu za watu waliopotea njia.

Kuzungumza na wasikilizaji, na baada yake

Msikilizaji wa taarab amezoea kuinuka na kumtunza mwimbaji wimbo ukiendelea, na wa kanisani huitikia anapoguswa. Hizo ni adabu kamili za usikilizaji, na zisichukuliwe kuwa ni ukosefu wa adabu. Mweleze tu, kwa heshima na kwa maneno machache kabla ya kazi, mahali ambapo ukimya ni sehemu ya muziki na mahali ambapo yuko huru. Usieleze maisha ya mtunzi. Mwambie kitu kimoja cha kusikiliza. Kabla ya klarineti, kwa mfano, mimi husema, "Ndugu zangu, jaribuni kutambua ni lini hasa sauti imeanza."

Walipe wapigaji usiku uleule, kabla hujahesabu kilichobaki. Kesho yake msikilize rekodi pamoja na mtunzi, mweke alama mahali ambapo ukumbi ulianza kukohoa na kusogeza viti, na mtunzi aamue mwenyewe kama pana cha kubadilisha. Kisha, wakati mikono ya wapigaji ingali inaikumbuka, tafuteni ukumbi wa pili katika mji mwingine, muweke tarehe ya kuipiga kazi ile tena.