Simu mbili zinatosha kuelewa fyuzi ya ukaribu

Fyuzi hapa sio ile ya umeme, ni kile kiwashio cha kwenye ncha ya kombora la mzinga enzi za vita vya pili vya dunia, kinacholilipua likiwa karibu na ndege. Wengi wanadhani ilikuwa inapima umbali kama rada, wapi, ilikuwa inasikiliza tu mwangwi wa mawimbi yake yenyewe, na ukitaka kulielewa hilo anza na masikio yako.

Chukua simu mbili zenye apu ya kutoa toni, zote weka hezi 1000. Moja iweke karibu yako, nyingine mpe mtu aje nayo taratibu toka mbali kidogo, na fanyeni nje maana ndani kuta zinarudisha sauti mnachanganyikiwa. Akitembea kama mita moja kwa sekunde utasikia wuu-wuu-wuu, karibu mara tatu kila sekunde, akisimama inakata. Ya karibu yako usiipandishe sana itaimeza nyingine. Sasa tega sikio: kadiri anavyosogea ile wuu-wuu inazidi kukolea.

Basi ndo hiyo hiyo. Kombora lilikuwa linatoa mawimbi ya redio, mwili wake wenyewe ndo antena, yakigonga ndege yanarudi masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yamebadilika kidogo, yanakutana na yanayotoka, mapigo, yaani ile wuu-wuu, yakishakolea vya kutosha linalipuka.

Wazo lilianzia Uingereza kwa wanasayansi kina Butement, 1940 ujumbe wa Tizard, yaani wanasayansi waliotumwa na Uingereza, ukalipeleka Marekani, huko mwanafizikia Merle Tuve na wenzake wakahangaika na valvu za kioo (vifaa vya elektroniki vya kabla ya transista) ambazo zilitakiwa zistahimili teke la mzinga, hadi mara 20,000 ya uvutano wa dunia, kioo jamani! Mimi napenda zaidi betri yake: maji yake yalikaa kwenye kichupa, mzinga ukifyatuka kichupa kinapasuka, kombora linavyozunguka yanasambaa kwenye bamba, umeme ndo unaanza, kwa hiyo ghalani ilikuwa imelala tu.

Ukishaelewa hapo nenda kwenye V-1 za 1944, zile bomu za kuruka zenyewe za Ujerumani zilizokuwa zinakuja London zimenyooka tu kama 640 km kwa saa. Rada ya SCR-584 inaifuata, kikokotoo cha M9 kinaelekeza mzinga, fyuzi inamalizia. Kwa fyuzi za zamani muda wa kulipuka unautegesha kabla hujafyatua, na ukikosea nusu sekunde tu V-1 imeshasogea karibu mita 90.