Kuwania uwakilishi wadi 2027 bila tiketi ya chama: hatua kwa hatua, hasa zile sahihi 500

Mwongozo huu ni wa mtu wa mashinani nchini Kenya anayetaka kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, na hataki kupita kwenye mchujo wa chama. Nimeuandika baada ya kumsaidia mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani, aliyewania kama mgombea huru mwaka 2022. Tangu hapo napigiwa simu na watu wenye maswali yale yale. Kujisajili kuwa mpiga kura na kufungua akaunti ya eCitizen sitaeleza; hayo unayajua, au mwanao anayajua.

Niseme mapema ninaposimama. Mimi ni mhafidhina. Napenda tozo chache, kaunti inayomaliza kazi zake kabla ya kubuni nyingine, na kiongozi ambaye kanisa au msikiti wake unamjua hata mwaka usio wa kura. Kama huo si mrengo wako, sheria ni ile ile; ushauri wa siasa utauchuja mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha huna chama

Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa, na awe hajakuwa mwanachama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Kwa hiyo 10 Mei ikukute umeshatoka zamani, maana tume ya uchaguzi (IEBC) nayo ina tarehe zake za kupokea majina na alama za wagombea huru.

Utasema hujawahi kujiunga na chama. Wengi walisema hivyo Juni 2021, orodha za vyama zilipofunguliwa mtandaoni na watu wakakuta majina yao kwenye vyama ambavyo hawajawahi hata kukanyaga mkutano wake. Piga *509# au uingie eCitizen, upande wa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ukijikuta umo, andika barua ya kujiuzulu kwa chama, nakala kwa Msajili, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Picha ya skrini kwenye simu isikutoshe. Simu huibwa.

Hatua ya 2: Kazi na makaratasi yako

Mtumishi wa umma, mwalimu wa TSC (tume inayoajiri walimu wa serikali) na chifu wakiwemo, huacha kazi miezi sita kabla ya kura, yaani mwanzoni mwa Februari 2027. Uwe raia kwa miaka kumi au zaidi. Shahada si lazima. Mahakama Kuu iliondoa sharti hilo kwa MCA mwaka 2021. Basi.

Hatua ya 3: Andika kuhusu wadi yako kuanzia sasa, si mwezi wa Juni

Mgombea huru hana rangi ya chama ya kumbeba. Kinachomtambulisha ni yale ambayo watu wamemsikia akiyasema kwa muda mrefu, na njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuandika.

Andika nini? Bajeti. Mhafidhina anayepiga kelele kuhusu maadili peke yake na hajawahi kufungua makadirio ya kaunti amefanya nusu ya kazi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Kisha unakuja mswada wa fedha, na humo ndimo ada za soko, leseni na tozo za mazao zinapopandishwa huku watu wakiwa shambani. Ongeza ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazotoka kila robo mwaka, na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Chukua kitu kimoja tu kila wiki. "Zahanati yetu ilitengewa pesa za uzio. Huu hapa ukurasa. Uzio uko wapi?" Aya tatu, picha ya ukurasa wenyewe, na tarehe. Tuma kwenye makundi ya WhatsApp ya wadi, kisha chapisha nakala chache ubandike kwa posho mill na kwenye bucha, kwa sababu wazee wanaopiga kura bila kukosa hawako kwenye makundi hayo. Video za moja kwa moja sizipendi: zinakula bando za watu, na hakuna anayeweza kukuonyesha baadaye ulisema nini. Maandishi yanabaki, yakikufunga wewe na yakimfunga mpinzani wako.

Usiahidi barabara. Kazi ya mwakilishi kwa kifungu cha 185 ni kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti. Polisi, shule za upili na barabara kuu si zake. Jedwali la Nne la Katiba linaorodhesha kazi za kaunti: chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, zahanati, masoko, barabara za kaunti, leseni za pombe. Lisome mpaka ulijue kwa kichwa, maana kwenye mazishi kuna mtu atasimama akuulize kuhusu bwawa.

Hatua ya 4: Sahihi 500

Hapa ndipo wagombea huru wengi wanapokwama, na ndipo usiku wetu mwingi ulipoishia. Kifungu cha 193 kinataka mgombea huru wa MCA aungwe mkono na wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua 500 wa wadi ile ile. Neno zito ni "wa wadi ile ile".

Usikusanye 500. Kusanya 800. Ukianza kuchuja utaona kwa nini.

Kwanza, anayeishi kwenu huenda amesajiliwa kwingine. Fundi mwenye kibanda sokoni miaka yote hupigia kura kijijini alikozaliwa. Mke aliyeolewa hapa hajahamisha kura kutoka kwao. Njia ya kujua ni kukagua daftari la wapiga kura. Mwaka 2022 ulituma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa SMS kwenda 70000, ukajibiwa kituo na wadi. Angalia kama tume itatumia namba hiyo tena, kisha mkague kila mtu papo hapo, kwa simu yake, kabla hajashika kalamu. Ukisema utakagua jioni, jioni utakuwa na majina mia mbili na huna mwenye simu.

Pili, chama. Mwombe anayekuunga mkono apige *509# vilevile. Akiwa na chama, mshukuru umwache. Usijadiliane naye, usimwambie "tutaona mbele".

Tatu, namba za vitambulisho. Zinakiliwe kutoka kwenye kadi yenyewe, si kwa kumbukumbu. Moja na saba, nne na tisa, ndizo zilizotusumbua zaidi. Jina liandikwe lilivyo kwenye kadi, hata kama mtaa mzima unamwita Mama Njeri.

Nne, na hili nalishikilia: usiwalipe vijana kwa kila sahihi. Tulipokea karatasi moja kutoka mtaa wa juu, majina ishirini, wino ule ule wa buluu, sahihi zote zikilalia kulia kwa pembe moja, na kila "m" ina kikunjo kimoja mwishoni. Kijana alikuwa ameketi chini ya mti na daftari la chama cha akiba. Karatasi nzima ikatupwa. Kama ni lazima uwalipe, walipe kwa siku, na uwatume wawili wawili, mmoja akiwa mtu mzima anayejulikana mtaani.

Tano, hofu ya watu. Mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Mjukuu, hii namba yangu mnaipeleka wapi? Si mtanichukulia mkopo?" Swali lake ni halali kabisa. Watu wameshuhudia mikopo ya simu na usajili wa vyama ukifanywa kwa majina yao. Nilimsomea kichwa cha fomu, nikamwambia jina la mgombea na mahali karatasi zinakopelekwa, na kwamba hatutaki namba yake ya siri wala pesa. Akasema, "Basi mwambie huyo mama aje mwenyewe." Mama akaenda Jumapili baada ya ibada, akamwamkia, wakaongea kuhusu mahindi, na mzee akatia sahihi pamoja na wanawe wawili. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia: eleza unachukua nini na kwa nini, usipige picha za kadi za watu ukaziacha kwenye kundi la WhatsApp. Kama tume itataka nakala za vitambulisho utaona kwenye notisi ya Gazeti Rasmi. Sharti hilo lilifikishwa mahakamani mwaka 2022, kwa hiyo usitegemee ulichosikia uchaguzi uliopita.

Sita, usilipe sahihi. Siongelei Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 peke yake, ingawa inakuhusu. Aliyechukua mia mbili kwako leo, kesho atachukua mia tano aseme hakuwahi kutia sahihi.

Saba, kompyuta. Majina yanatakiwa kwenye karatasi na kwa nakala ya kielektroniki pia. Tumia Excel, na ufanye hivi kabla ya kuingiza namba hata moja: ibadilishe safu ya vitambulisho iwe ya maandishi, si ya tarakimu. La sivyo namba inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake, na orodha yako haitalingana na karatasi. Kisha iambie programu ipake rangi namba zilizojirudia. Zitakuwepo, maana mtu hutia sahihi kanisani Jumapili na sokoni Jumatano, kwa wema tu. Wapo pia wanaotia sahihi kwa wagombea wawili; ukijua, mwondoe kabla mpinzani hajamtaja.

Nane, weka daftari lako la pembeni: simu ya kila mtu, kituo chake, nani alimkusanya, tarehe. Daftari la karatasi, lenye jalada gumu. Usiongeze safu hizo kwenye fomu rasmi. Fomu ibaki na kinachotakiwa tu. Tulipohitaji kumrudia mtu ambaye sahihi yake ilikuwa imefifia, daftari hilo ndilo lililotupeleka mlangoni kwake. Na majina hayo mia nane ndiyo timu yako ya kampeni, watu waliokwisha kusema "ndiyo" kwa mkono wao wenyewe. Wagombea wa vyama hawana orodha ya namna hiyo.

Anza kazi hii tume inapofungua dirisha la uteuzi wa wagombea huru na fomu zake kutolewa. Sahihi zilizokusanywa kwenye karatasi za kubuni huwa ni mazoezi tu.

Hatua ya 5: Alama

Chagua kitu ambacho bibi asiyesoma atakitaja bila kufikiri: ndoo, jembe, kiti. Kisifanane na alama ya chama chochote, na uwe na cha pili na cha tatu kama cha kwanza kitakataliwa. Kumbuka kitachapishwa kidogo kwenye karatasi ya MCA, ambayo mwaka 2022 ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyofifia (beige). Picha yenye mistari myembamba itapotea. Ichapishe kwa ukubwa wa stempu, uiangalie kwa mbali.

Hatua ya 6: Siku ya kupeleka karatasi

Utaenda kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge lako. Mwaka 2022 ada ilikuwa shilingi 5,000, na 2,500 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Beba kitambulisho, picha za pasipoti, tamko lililoapiwa mbele ya kamishna wa viapo, fomu ya kujitangaza chini ya Sheria ya Uongozi na Uadilifu, kanuni za maadili zilizotiwa sahihi, na ile orodha. Nenda siku ya kwanza ya ratiba yako, asubuhi, ili kama kuna upungufu uwe na muda wa kurudi. Usiende na msafara wa boda boda.

Hatua ya 7: Mawakala

Mabango sina la kusema, kila mtu ana fundi wake. Pesa ulizonazo ziweke kwa mawakala.

Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo wadi ya kawaida ina vituo vingi kuliko unavyodhani, na shule moja inaweza kuwa na vyumba vinne. Kila chumba kinahitaji mtu wako mwenye barua ya uteuzi, aliyekula kiapo cha siri, na ambaye halali saa nane za usiku. Usitume wapiga debe. Tuma wahasibu wa vyama vya akiba, makatibu wa jumuiya, walimu wastaafu.

Wanachotakiwa kurudi nacho ni Fomu 36A, ndiyo ya MCA kituoni. Wengi hukimbilia 34A kwa sababu ya redio, wakaja na matokeo ya rais. Wakala ahesabu kura zilizoharibika pia, ajumlishe mwenyewe, ndipo atie sahihi. Fomu ikibandikwa mlangoni aipige picha yote, kona nne, na akutumie kabla hajaondoka. Nakala ya karatasi iende kwenye bahasha yenye jina la kituo, na bahasha zote kwa mtu mmoja tu.

Mama alimaliza wa tatu. Fomu zetu zililingana na Fomu 36B, ile ya jumla ya matokeo ya wadi, kwa hiyo tulikubali siku ile ile. Zisipolingana, una siku 28 tangu matokeo kutangazwa kufungua kesi kwenye mahakama ya hakimu, na dhamana ya gharama kwa kiti cha MCA ni shilingi 100,000. Ukienda kwa wakili, nenda na bahasha hizo mkononi. Bila hizo atakuuliza maswali na kukutoza kwa saa.