Kusimamia tasnifu kuanzia matopeni

Kama mwaka huu ndiyo mara yako ya kwanza kupewa wanafunzi wa kusimamia, usianze nao ofisini. Ofisini kuna kiti chako na kiti chake, na atakaa kusubiri umpe mada. Mimi nafundisha ikolojia ya pwani, kwa hiyo wangu nakutana nao Mikindani, Mombasa, kwenye mikoko ya hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara.

Saa simtajii. Namwambia tu, "Tuonane siku ya pili baada ya mwezi kuandama, maji yakishakupwa kabisa." Mombasa, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hukauka karibu saa nne asubuhi. Aliyeuliza mvuvi au aliyetazama jedwali la maji kujaa na kupwa hufika saa tatu na nusu. Anayekuja alasiri huikuta miti imesimama ndani ya maji. Huyo simgombezi. Namtuma akajue kwa nini, na akirudi aniambie mbona kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Hilo ndilo zoezi lake la kwanza.

Mwambie aje na viatu vya kufunga kamba, maana kandambili hubaki matopeni, na kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka. Kisha muulize jambo moja: unaona nini hapa ambacho hukukitarajia? Halafu nyamaza. Hapa ndipo wasimamizi wengi tunaposhindwa, tunajibu wenyewe. Atakwambia kwanza kwamba mikoko ni muhimu kwa mazingira; hayo ni ya daftarini, yaache yapite. Kijana mmoja wa Jomvu alinyamaza karibu robo saa, kisha akasema, "Dokta, mbona mchu wa karibu na mfereji wa majitaka una majani mabichi kuliko ule wa kule?" Kabla ya hapo alikuwa ameniletea kichwa cha tasnifu kuhusu athari za uchafuzi katika Pwani yote ya Kenya. Tukakikata hadi kikabaki mchu, mfereji, na mita mia moja za tope. Kazi yako kubwa miezi ile ya mwanzo ni hiyo, kukata.

Mkimkuta mzee mkata miti, mwache mwanafunzi aamkie na aulize mwenyewe. Atafundishwa fito, pau, mazio, boriti na nguzo, madaraja ya unene yaliyokuwa yakipimwa kwa mkono kabla sisi hatujaleta utepe. Nataka ajue majina yote mawili ya kila mti: mkoko na Rhizophora mucronata, mchu na Avicennia marina. Anayejua la kitabuni peke yake hataelewa anachoambiwa na mzee yule.

Sasa rasimu. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimharibia mimi. Kila aya aliyoleta niliiandika upya kwa wino mwekundu, hata sura ya tatu ikawa yangu nzima. Siku ya utetezi, ya kuitetea tasnifu mbele ya watahini, akaulizwa swali jepesi: kwa nini vipande vyako vya kupimia ni mita 10 kwa 10? Akageuka akanitazama. Ukumbi mzima ukanitazama.

Tangu siku hiyo natumia penseli, na naandika maswali tu. Nasoma hadi pale ninapopotea, napiga mstari, naandika "nimepotea hapa", namrudishia ndani ya siku saba. Siku saba ni ahadi. Ukikaa na rasimu mwezi mzima, usimlaumu akikaa miwili. Akikwama kabisa kwa Kiingereza, namwambia afunge kompyuta anieleze kwa Kiswahili kama anavyomweleza bibi yake, huku simu inarekodi. Wako wenzangu wanaoona ni mchezo wa watoto. Lakini aya zinazotoka kwenye rekodi zile huwa hazihitaji penseli yangu sana.

Akipotea wiki tatu, mpigie wewe. Mara nyingi si uvivu: ni karo, au mkopo wa masomo wa HELB haujaingia, au kuna mgonjwa nyumbani. Katika simu hiyo usitaje tasnifu hata kidogo.

Wiki mbili kabla ya utetezi nawaita wawili waliomaliza mwaka jana, tunanunua viazi karai, wanambana kwa maswali. Kwa nini shina limepimwa mita 1.3 kutoka chini? Na mkoko, wenye mizizi inayoning'inia, umeupimia wapi? Ajibu kwamba ni juu ya mzizi wa juu kabisa, na aeleze sababu. Mimi siingilii hata akikosea; wenzake humrekebisha bila huruma kuliko mimi.

Siku yenyewe nakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, nyuma ya nguzo, ambako hata akigeuka hanioni.